Maji Waliyomwoshea Kaka

Tarehe nane Agosti 2015 nilimpoteza kaka yangu mkubwa. Alifia Jeddah, usingizini, katika chumba alichokuwa akiishi na wenzake mtaa wa Kandara. Alikuwa dereva, akichukua mizigo bandarini na kuipeleka kwenye maghala. Mimi nilikuwa Riyadh. Ni nchi moja, lakini ikama yangu, kile kibali cha kuishi huko, ilikuwa imeisha muda na ofisi ilikuwa bado inahangaika kuihuisha, na kafili, mwajiri anayetudhamini, alishatuambia kwamba atakayekamatwa njiani bila ikama asimpigie simu. Basi la Jeddah hupita vituo vya ukaguzi. Sikwenda.

Makaratasi ya hospitali na ubalozi yalichukua siku kadhaa. Mama alitoa idhini azikwe huko huko, kwa sababu kumsafirisha hadi Tanga kusingewezekana na yeye hakupenda maiti akae sana. Wenzake wa Kandara wakamzika. Mmoja alinipigia kuniambia kwamba amesaliwa na watu wengi na kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Nikamshukuru. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa maswali.

Nilipompigia mama jioni ile, hakuniuliza kaka alikufa kwa maradhi gani. Aliniuliza, "Nani alimwosha?"

"Wenzake, mama. Watu wa Kandara."

"Wenzake nani?"

"Sijawajua."

Akauliza tena, "Na maji yalikuwaje?"

Sikuelewa mara moja. Akanikumbusha. Kila mwaka majira ya joto kaka alikuwa akimpigia simu na kumchekesha: kwamba Jeddah mchana ukifungua bomba la maji baridi unaungua, kwamba matangi yako juu ya paa yanachemka kama masufuria, kwamba yeye huoga baada ya sala ya alfajiri tu, basi, mpaka kesho. Mama alicheka naye miaka yote. Sasa mzaha ule ulikuwa umemrudia vingine.

Lazima niseme kwamba mama ni mwosha. Mtaani kwetu akifa mwanamke, yeye ndiye huitwa. Nimekua nikimwona akitoka na kanga zake mbili na kurudi kimya. Aliwafundisha wasichana waliomfuata kwamba maji yawe vuguvugu, na kwamba yajaribiwe kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, si kwa vidole, maana vidole vya mwanamke wa jikoni vimezoea moto. Alikuwa akisema maiti haumizwi. Hafinywi, havutwi, haunguzwi. Sasa mwanawe ameoshwa mwezi wa Agosti, Jeddah, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa maji gani.

"Nitauliza," nikamwambia.

Niliuliza. Yule aliyenipigia alisema yeye alikuwepo kwenye sala na mazishi, si kwenye kuosha. Aliyeosha ni mzee mmoja wa Mombasa. Namba yake? Hakuna. Yule mzee hakuwa na karatasi, na mtu asiye na karatasi hagawi namba yake ovyo, wala wenzake hawaigawi. "Ukija mwenyewe utampata," akaniambia. "Kwa simu hutampata."

Kila Ijumaa mama aliuliza, na kila Ijumaa nilijibu kwamba bado. Dada yangu, anayeishi naye, alinipigia siku moja akiwa amejificha uani.

"Wewe nawe! Mwambie tu maji yalikuwa mazuri. Unashindwa nini?"

"Sijui kama yalikuwa mazuri."

"Na yeye hajui. Mwambie alale. Hali chakula vizuri, unanisikia? Juzi amekataa kwenda kuosha jirani yetu. Kasema mikono yake haimtii."

Nilimsikia. Lakini sikuweza kumwambia mama jambo nisilolijua, tena juu ya jambo hilo. Si kwamba mimi ni mtu mwema kuliko wengine. Niliogopa tu kwamba angeusikia uongo katika sauti yangu.

Wakati huo kazi yangu mchana kutwa ilikuwa maji. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ufundi bomba kwa muda mfupi, kisha nikajifunza kuchora kwa kompyuta Dar es Salaam kwa kukaa pembeni ya watu waliokuwa wakijua. Wakala akanipeleka Riyadh kama mchoraji. Ofisi yetu ilikuwa imepewa kazi ya mtaa mzima mpya wa makazi huko Jeddah, majengo mengi ya ghorofa, na sehemu yetu sisi ilikuwa maji safi, maji machafu na viyoyozi. Mhandisi hukadiria, mimi huchora. Tangi la chini ya ardhi, pampu, bomba la kupandisha, tangi la paa, bomba la kuteremsha, kila bafu, kila jiko, kila choo, mpaka chemba ya nje. Bomba la maji machafu lazima liwe na mteremko. Ukilinyoosha sana uchafu unakaa, ukiliinamisha sana maji yanakimbia na uchafu unabaki. Ni kazi inayomfaa mtu asiyependa kuongea.

Kuchora matangi ya paa ndiko kulikonisumbua. Nilikuwa nikichora duara la tangi, na hapo hapo namsikia mama. Nilimuuliza mhandisi wetu mara mbili kama tutayawekea kivuli. Alikuwa Mmisri wa makamo, mpole mpaka njaa imshike.

"Kivuli kipo kwenye bei?" akauliza.

"Hakipo."

"Basi jua lipo," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Mwezi wa Novemba michoro ya majengo ya kwanza ilirudi kutoka kwa mwenye mradi. Haikurudi kwa barua, ilirudi kwa simu. Mhandisi wa mwenye mradi, mtu wa Jeddah kwa kuzaliwa, alipiga, na mhandisi wetu akaiweka simu mezani ili wote tusikie.

"Niambieni, jamaa," ile sauti ikasema, "huko Riyadh mmeihamisha Makka?"

Tukatazamana.

"Tazameni mshale wenu wa kibla. Unaelekea baharini. Mnataka watu wangu wasali kuelekea Sudan?"

Mchoraji mwenzangu Msudani akainua kichwa. "Sisi tusingekataa," akasema kwa sauti ya chini, na hata mhandisi alishindwa kujizuia kucheka, ingawa uso wake ulishaanza kubadilika rangi.

Tulitazama. Ni kweli. Ukiwa Riyadh, Makka iko upande wa machweo. Jeddah iko kati ya Makka na bahari, kwa hiyo ukiwa Jeddah, Makka iko upande wa mawio. Karatasi tuliyoanzia ilikuwa imetoka kwenye kazi ya zamani ya Riyadh, na kwenye pembe yake kulikuwa na mshale wa kibla wa Riyadh. Wasanifu waliutumia kupanga vyumba, sisi tukapanga mabomba juu ya vyumba vyao. Ofisi nzima ilikuwa ikisali kila siku kuelekea machweo, safu moja, katika chumba kile kile. Jicho la nani lingeshtuka? Mshale ulikaa pale tunapoelekea kila siku.

Kwa majengo ya kawaida hasara haikuwa kubwa. Lakini kulikuwa na safu iliyofuata barabara ya mshazari, na humo vyoo vilikuwa vimegeuka vikatazama kibla moja kwa moja. Hakuna familia ya kule ambayo ingekubali kukaa chooni ikielekea Makka, wala mimi nisingekubali. Na mafundi walikuwa tayari wanafunga nondo za sakafu ya ghorofa ya kwanza katika jengo la kwanza. Zege likimwagwa, matundu ya mabomba ya choo yangekuwa yamekwisha kukaa pale pasipotakiwa.

Wenzangu walikuwa wakilaumiana, nami nikimfikiria kaka. Miezi yote ile nilikuwa nikimwona amelala kaburini uso wake ukielekea machweo, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nikielekea mimi. Kumbe alikuwa ameelekezwa upande wa pili kabisa.

"Safu ya mshazari nani kaichora?" mhandisi akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Ikama unayo?"

"Imetoka wiki iliyopita."

"Mafi mushkila, hakuna tabu. Tunakwenda wote. Utachora hapo hapo kwenye saiti, watoboe mbao za zege hapo hapo. Yalla, kalete kompyuta."

Ofisi ile siku hiyo ilikuwa na sura za msiba. Mimi nilikwenda kukusanya nyaya zangu na nilikuwa mwepesi, na sioni haya kusema. Nilikuwa nikienda Jeddah, kwa tiketi ya kampuni, na ikama halali mfukoni.

Saiti ilikuwa nje kidogo ya mji, vumbi jeupe na nguzo za zege. Tulikutana na yule mhandisi wa simu, mtu mnene mwenye kilemba chekundu cha madoa, na kabla ya salamu kwisha alimshika mhandisi wetu mabega akamgeuza kuelekea mashariki. "Huku," akamwambia. "Ukisahau, niulize." Mhandisi wetu akakubali kugeuzwa kama mtoto anayevalishwa shati. Chini ya turubai wafanyakazi walikuwa wametandika mikeka ya kusalia, na hatukuhitaji kipimo kingine. Mikeka ilikuwa imenyooka kuelekea mawio.

Tulipima bafu kwa bafu. Wazo la kwanza lilikuwa kukigeuza choo robo mzunguko, kikatazama pembeni. Kwenye aina mbili za nyumba kilikaa vizuri. Tulibadilishana tu nafasi kati ya choo na sinki, na bomba kubwa la wima likabaki palepale ndani ya tundu lake la ukutani. Aina ya tatu ilikataa. Choo kikigeuka, bomba lake linaangukia juu ya mhimili, na mhimili hautobolewi.

Mhandisi wetu alichuchumaa juu ya zile nondo akatazama chini muda mrefu. Mafundi wa Kipakistani walikuwa wamesimama na mashine zao wakitungoja.

"Tukilipitisha chini ya sakafu," nikamuuliza, "likaja kuungana upande wa jikoni?"

"Nilikuwa nafikiri hivyo," akasema. "Mteremko utatosha?"

Nikachora mapajani, kompyuta ikiwa imefunikwa na kilemba cha yule mhandisi wa simu ili nione kioo kwenye jua. Mhandisi wetu akikadiria, mimi nikisogeza. Mteremko ulitosha, lakini dari ya bafu la nyumba ya chini ingeshuka kwa kiasi cha kiganja cha mkono. Mtu wa mwenye mradi alisimama chini ya mahali ambapo dari ingekuwa, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akapima kwa macho.

"Mrefu wetu hatagonga," akasema. "Na akigonga, atagonga akiwa ameelekea vizuri. Halas, imekwisha. Toboeni."

Siku ya pili mchana tulikuwa tumemaliza. Mhandisi wetu alikula wali na kuku, kisha akaniuliza mbona sili. Nikamwambia kwamba kaka yangu alifia Jeddah na nina mtu wa kumtafuta Kandara. Tulikuwa tumefanya kazi meza moja tangu Agosti na hakuwa akijua. Aliweka kijiko chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza," nikasema, na nikaona limetoka vibaya kuliko nilivyotaka.

"Nenda," akasema. "Ndege ni kesho. Nenda kwa watu wako."

Kandara nilifika baada ya sala ya alasiri. Vijia vyembamba, maduka ya simu, nguo zinaning'inia kwenye madirisha, Kihabeshi na Kiyemeni na Kiswahili vikipishana. Niliuliza kwenye kijiduka cha chapati, kwa Kiswahili, na mwenye duka akanitazama masikio kabla hajanitazama uso.

"Wewe mdogo wake yule dereva wa bandarini. Masikio haya hayana wawili."

Nikamwambia namtaka mzee wa Mombasa aliyemwosha. Akafikiri kidogo, akaita kijana amshikie duka, akanipeleka mwenyewe. Lilikuwa duka la dobi, chumba kimoja, mvuke umejaa mpaka mlangoni. Mzee alikuwa amesimama kwenye meza akipiga pasi kanzu nyeupe. Aliponiona mgeni, hakuacha kupiga pasi.

"Wataka nini, ndugu yangu?"

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mdogo wa marehemu."

"Marahaba." Akaisimamisha pasi. "Wewe ndiye wa Riyadh? Tulikungoja sana."

"Sikuwa na ikama."

"Ah." Akacheka kidogo bila furaha. "Mimi sinayo mwaka wa ngapi huu. Kaa hapo."

Nikakaa juu ya furushi la nguo. Nikamwambia kwa nini nimekuja. Nilimweleza mama yangu ni nani, anafanya nini mtaani kwetu, na anauliza nini. Nilihofia ataona ni swali la kipuuzi, mtu kutoka Riyadh aje kuuliza joto la maji. Hakuona hivyo. Alikuja akakaa karibu yangu.

"Mamako ni mwosha?"

"Ndiyo."

"Basi ana haki. Mimi nilijifunza kwa babangu. Sikiza. Tulikuwa watu watatu, mimi, mwenzangu wa Malindi, na yule mlinzi wa chumba cha kuoshea. Saa ya adhuhuri. Jua lile la mwezi wa nane walijua wewe. Nikafungua bomba la baridi, nikatia mkono, nikautoa mbio. Yaunguza. Nikamwambia mlinzi, huyu hatumwoshi kwa haya, hata ikiwa tutakaa hapa hadi usiku. Akanicheka. Akanambia, 'We mzee, umekaa Jeddah miaka yote hii? Fungua la moto.'"

Nilijua kabla hajamaliza. Kila aliyekaa kule majira ya joto anajua. Maji ya bomba la baridi yanatoka moja kwa moja kwenye tangi la paa, yamechemshwa na jua. Maji ya bomba la moto yanapitia kwenye hita, na hita ile imezimwa tangu joto lianze. Iko ndani, kivulini, karibu na kiyoyozi, na maji yaliyolala humo yamepoa. Kwa hiyo mtu akitaka kuoga bila kuungua anafungua la moto. Mimi mwenyewe chumbani kwangu mtaa wa Shumaisi, Riyadh, nilikuwa nikioga hivyo, na kazini nilikuwa nikichora hita juu ya mlango wa kila bafu. Miezi mitatu sikufikiri hata mara moja kwamba chumba cha kuoshea maiti nacho kina hita.

"Yakatoka mazuri," mzee akaendelea. "Nikayajaribu hapa." Akakunja mkono wa kanzu, akanionyesha ndani ya kiwiko. "Hapa, si kwa vidole. Vidole vyangu mimi ni vya pasi, havijui kitu."

Nikainamisha kichwa. Akaongeza taratibu kwamba hita ile ilikuwa ndogo na maji mazuri hayakutosha mwosho wa mwisho, ule wa kafuri. Mwenzake wa Malindi akatoka mbio akanunua barafu dukani, wakayapoza yale ya tangi kwenye ndoo mpaka yakawa sawa na ya kwanza. "Hilo nakwambia usije ukasikia kwa mtu mwingine. Barafu ilitiwa. Lakini kwenye ndoo, si juu yake."

"Hakuungua?"

"Hakuungua, mwanangu. Hata kidogo."

Alifunga duka mapema, tukaenda pamoja mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Lango lilikuwa limeshafungwa. Alinionyesha upande kwa kidole, baada ya mti fulani, safu ya kule mbele. Tukasimama nje tukaomba dua, tukielekea mawio, ukuta ukiwa mbele yetu. Jua lilikuwa linazama nyuma. Akaniambia ana nguo za watu, akaniaga, akarudi kazini.

Nilimpigia mama hapo hapo barabarani. Dada alipokea, nikamwambia aiweke simu kwa sauti wasikie wote wawili.

"Mama, nimempata aliyemwosha. Ni mzee wa Mombasa, alifundishwa na baba yake."

"Ehe."

"Maji ya bomba la baridi yalikuwa yanaunguza, akayakataa. Wakafungua bomba la moto."

"La moto!" Dada akapiga kelele. "Wewe una akili?"

"Ngoja, dada. Mama, nisikilize." Nikamweleza habari ya tangi na paa, na hita iliyozimwa kivulini. Nilimweleza kama ninavyomweleza fundi, kutoka juu hadi chini, na hakunikatiza. Nikamwambia habari ya barafu pia. Nikamwambia ameyajaribu ndani ya kiwiko.

Mama akayashika maneno yale ya mwisho.

"Ndani ya kiwiko," akasema.

"Ndiyo, mama. Alinionyesha."

"Kwa hiyo yalikuwa vuguvugu."

"Yalikuwa vuguvugu."

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu. Akaniuliza kama yule mzee ana mtu wa kumpikia. Nikasema sikumuuliza. Akasema, "Ungemuuliza." Akaniuliza kama mimi nimekula, nikasema nitakula sasa. Halafu kukasikika kishindo kwenye mabati ya kwetu, ile mvua ya vuli inayoanza bila taarifa.

"Nguo zangu!" akasema mama. Akamwita dada waende kuzianua, na nikasikia ndara zake zikikimbia uani, kisha simu ikakatika.